Cheri ya Kwanza Humezwa Nzima

Kwa miaka thelathini na mmoja, kila keki iliyotoka kwenye bekari ile ikiwa na cheri juu yake ilipitia mikononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa ameiona cheri hata siku moja. Mtaani walimwita Bwana Cheri. Wateja walimwita hivyo, madereva wa kusambaza mikate walimwita hivyo, hata marehemu mkewe alikuwa akimwita hivyo pale alipokuwa na shida naye. Yeye aliitika tu, maana jina likishakukaa hakuna wa kukuvua.

Ukweli wa mambo ni kwamba cheri za bekari ile zilikuwa papai. Papai bichi, lile gumu ambalo ukilichanja linatoa utomvu mweupe. Lilimenywa, likachotwa vitufe vidogo kwa kijiko kilichotengenezwa kwa kazi hiyo tu, vitufe vikalazwa kwenye maji ya chokaa ili visilegee, vikaoshwa mara tano, vikachemshwa kwenye shira nzito yenye rangi nyekundu ya chakula, kisha vikaachwa siku tatu vinywe sukari mpaka ving'ae. Fundi mzee aliyemfundisha kazi alikuwa na kopo moja la bati lenye picha ya cheri, ambalo hakuna aliyekumbuka liliisha lini. Papai likishaiva rangi lilimiminwa humo, na kopo likawekwa rafuni mahali linapoonekana. Mteja akiuliza, aonyeshwe kopo. Hilo ndilo lilikuwa somo lote, na Bwana Cheri alilishika kuliko masomo yote aliyowahi kufundishwa shuleni.

Msidhani alikuwa tapeli. Alikuwa fundi, na fundi hana muda wa kujiuliza anachokitengeneza kinaitwaje huko kwao. Vitufe vyake vililingana vyote. Ungevimwaga mezani usingepata hata kimoja kilichomzidi mwenzake unene, na keki yake ya harusi ilisimama kwenye jua la adhuhuri bila rangi nyekundu kuchuruzika juu ya aisingi, ile sukari nyeupe ya kupambia. Hilo alikuwa akijivunia, ingawa hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu mtu pekee ambaye angependa kumwambia alikuwa kaka yake, na kaka yake hakuwa mtu wa kuambiwa.

Kaka huyo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hilo neno mstaafu alilichukulia kama jambo la muda. Kila mtu alimwita Mkuu, mkewe akiwemo. Mezani aliongea kana kwamba kuna mistari ya wanafunzi mbele yake, na ukimkatiza alinyamaza, akakutazama juu ya miwani, akaanza upya tangu mwanzo. Kwenye sebule yake kulikuwa na viti viwili vya mikono. Kimoja chake, kingine cha wageni wazito. Bwana Cheri alipokwenda kusalimia alikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni. Hakuna aliyewahi kumwambia akae pale. Alifeli mtihani akiwa na miaka kumi na mitano, na tangu siku ile kigoda kilimjua. Bekari ile ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwa Mkuu, lakini Mkuu hakuwahi kuikanyaga. Wageni wakimuuliza mdogo wake anafanya nini, alisema, "Yuko kwenye mambo ya vyakula," na kubadilisha mazungumzo.

Basi kidole gumba cha mguu wa kulia cha Mkuu kikavimba. Kilivimba alfajiri moja kikawa chekundu, na shuka likikigusa tu, mwalimu mkuu mstaafu analia. Mkewe alimpeleka hospitali. Daktari alipima damu, akasema ni jongo: asidi imezidi kwenye damu, imeganda kwenye kiungo, na isipodhibitiwa itahamia kwenye figo. Aliandika kidonge kimoja kila asubuhi, maisha yake yote. Akakataza maini, figo, nyama nyekundu na bia. Maji mengi, alisema.

Kwa bahati mbaya, daktari huyo alikuwa amesoma kwa Mkuu, na hapo matibabu yakaharibika kabla hayajaanza.

"Huyu nilimfundisha kugawanya," Mkuu alimwambia mkewe wakiwa njiani kurudi. "Mpaka anamaliza shule alikuwa bado anabakiza, hata kumi kwa mbili. Leo ananigawia maisha yangu yote."

"Lakini Mkuu, mguu ni wako," mkewe alisema.

"Ndiyo maana nitautibu mwenyewe."

Vidonge viliingia kwenye droo ya kabati vikiwa na plastiki yake, na Mkuu akachukua simu. Kwenye simu kulikuwa na kundi la chama chao cha wastaafu, na kwenye kundi hilo, kati ya picha za maua na salamu za asubuhi, mtu alikuwa ametuma makala yenye kichwa cha habari Faida Kumi za Kula Cheri. Haikuwa na jina la mwandishi. Mkuu, ambaye enzi zake aliwanyima wanafunzi alama kwa kutotaja walikopata habari, aliisoma mara nne bila kuuliza. Cheri hupunguza asidi kwenye damu. Cheri hutuliza viungo vilivyovimba. Cheri huleta usingizi mnono, hulinda moyo, hung'arisha ngozi, hurudisha kumbukumbu. Alipofika faida ya saba alikuwa ameshaagiza mdogo wake aitwe.

Bwana Cheri alikuja na unga bado uko kwenye nyusi. Alielekea kwenye kigoda chake.

"Kaa hapa," Mkuu alisema, akionyesha kiti cha mikono.

Bwana Cheri aligeuka kuangalia nyuma yake ameingia nani.

"Wewe, nasema. Kaa. Umekuwa ukishughulika na cheri kwa muda gani?"

"Miaka thelathini na mmoja, kaka."

"Na hukuwahi kuniambia kwamba zinatibu jongo."

"Sikujua, kaka."

"Miaka thelathini na mmoja unashika dawa mkononi na hujui. Ndiyo maana nilikuwa nakwambia usome." Lakini sauti yake ilikuwa imelainika, na baadaye akasema neno ambalo hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kulisikia likitoka mdomoni mwake. "Nilikosea, mdogo wangu. Nilidhani kazi yako ni mapambo."

Bwana Cheri akasogea ukingoni mwa kiti. "Kaka, hizi cheri zetu za pale bekari, kusema kweli..."

"Usinikatize."

Angeweza kusema. Alikuwa na mdomo, na kaka yake, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametega masikio. Lakini kiti kile kilikuwa laini kuliko alivyokuwa akifikiria miaka yote, mikono yake ikashika mikono ya kiti, na shemeji yake akaja na chai kwenye kikombe cha wageni chenye kisahani. Mtu aliyekaa kwenye kigoda nusu ya umri wake asilaumiwe sana kwa kuchelewa kuinuka. Kesho yake akapeleka chupa nzima ya papai.

Mkuu alikula cheri ishirini kwa siku, kumi asubuhi na kumi jioni, akizihesabu kwa uma. Siku ya sita kidole kilinyamaza. Daktari angeulizwa angesema kwamba jongo likishika hutulia lenyewe baada ya wiki moja au zaidi, hata ukila vifungo vya shati, lakini daktari hakuulizwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwenye ukumbi ambamo chama cha wastaafu hukutana, Mkuu alipanda jukwaani bila fimbo na kutoa mhadhara wa saa nzima juu ya cheri. Alianza na historia ya matunda kwa ujumla. Akazitaja faida kumi, akaongeza mbili za kwake. Kisha akanyoosha mkono kuelekea mstari wa mbele.

"Na huyu ni mdogo wangu," alisema. "Mtaalamu."

Watu wakapiga makofi. Bwana Cheri, ndani ya koti alilofungia ndoa, akainuka nusu, akainamisha kichwa, akakaa. Moyo ulimvimba hata akaogopa vifungo. Alijua ni papai. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani kwamba ni papai. Na bado alifurahi, akafurahi mpaka machozi yakamlenga, na usiku alipolala alilirudia lile neno moja kichwani mpaka usingizi ukamchukua.

Jongo lilirudi wiki ya tatu, na safari hii lilikuja na kifundo cha mguu. Mkuu hakuyumba. Alisema dozi ilikuwa ndogo. Akapandisha cheri zikawa arobaini, na kwa kuwa sasa alikuwa na kinga, akarudia maini aliyokuwa ameyapunguza. Bwana Cheri alipokuja na chupa nyingine, shemeji yake alimpokea mlangoni, akamvuta jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji, unamlisha nini mume wangu?"

"Cheri, shemeji."

"Mimi nimepika miaka arobaini. Nimeonja. Nakuuliza tena."

Bwana Cheri akaangalia sakafu. "Papai," alisema. "Papai bichi na sukari."

Shemeji yake alianza kucheka. Alicheka ameshika ukingo wa sinki, akajifuta macho kwa khanga, akacheka tena, na katikati ya kicheko Bwana Cheri akagundua kwamba sasa analia kweli. Alivuta droo ya kabati. Pakiti za vidonge zilikuwa zimepangwa humo, zimelingana, hata moja haijatobolewa.

"Daktari kanipigia mimi," alisema. "Anamwogopa yeye. Kasema damu yake si nzuri, tukichezea hivi miezi sita figo zitasimama. Na wewe unamjazia sukari. Nimwambie nini mtu huyo? Nikimwambia ni papai atasema mimi nimefundishwa na nani."

Sebuleni Mkuu alikuwa akisoma kwa sauti faida ya tano.

"Mtoto wetu alipokuwa mdogo," shemeji alisema polepole, "dawa nilikuwa namtilia ndani ya ndizi."

Hapo ndipo ilipozaliwa cheri mpya. Shemeji alikwenda kwa daktari kuuliza kama kidonge kinaweza kumezwa na kitu kitamu, na daktari akamjibu kwamba kimezwe na chochote, hata na hotuba, mradi kimezwe, ila huyo mzee apunguze sukari. Bwana Cheri akakipasua kitufe kimoja cha papai kwa ncha ya kisu cha kupambia, akakitia kidonge, akakifunga kwa shira iliyokaza. Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko keki yoyote ya harusi. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha mikono, akakohoa.

"Kaka, kuna aina mpya imeingia. Hii ni ya nguvu. Tatu tu kwa siku, ukizidisha inageuka sumu."

"Tatu," Mkuu aliandika.

"Ya kwanza humezwa nzima. Haitafunwi."

"Kwa nini?"

Bwana Cheri hakuwa amejiandaa kwa swali. "Ndio utaratibu wake," alisema.

Hakuna neno lililompendeza Mkuu kuliko utaratibu. Alilipigia mstari.

"Na haipatani na maini. Wala figo, wala nyama nyekundu, wala bia. Ikikutana na hivyo nguvu zote zinakufa. Inataka maji mengi."

"Naona," Mkuu alisema, akitikisa kichwa taratibu. "Hayo ndiyo maelezo ya kitaalamu. Unamwona yule daktari? Alinikataza tu, hakunieleza kitu."

Ikawa hivyo. Alichokataa kwa daktari mwenye shahada mbili alikipokea kwa mpambaji wa keki, neno kwa neno. Aliacha maini. Aliisukuma bia mbali na yeye kwenye sherehe mbele ya watu. Alikunywa maji mpaka mkewe akachoka kumjazia jagi. Miezi mitatu ikapita na kidole hakikusema neno. Daktari alipima damu, akampigia shemeji kumpa hongera, na Mkuu akampelekea daktari huyohuyo nakala ya Faida Kumi, akiwa ameipigia mistari kwa kalamu nyekundu.

Binti wa Mkuu, aliyekuwa akifanya kazi nchi moja ya baridi, alisikia habari hizi kwa simu. Alipokuja likizo alibeba kwenye begi la mkononi kiboksi cha cheri zenyewe, zile zinazoota juu ya mti, akazishika magotini safari nzima zisipondeke. Aliziweka mezani mbele ya baba yake. Bwana Cheri alikuwepo kwenye kiti chake, na alipoziona aliinama kuzitazama. Zilikuwa na rangi nzito inayokaribia weusi, na kila moja ilikuwa na kikonyo kirefu. Hazikulingana hata kidogo.

Mkuu alichukua ya kwanza, akang'oa kikonyo, na kwa kufuata utaratibu akaimeza nzima. Macho yalimtoka. Mkewe akampiga mgongoni, Mkuu akanywa maji glasi mbili, cheri ikashuka na kokwa lake. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Mkuu alichukua ya pili, ya kutafuna, akaiuma kwa nguvu zote za mtu aliyezoea papai, na chumba kizima kikasikia jino.

Alitema kwenye kiganja, akaangalia.

"Mwanangu, umeuziwa bandia," alisema. "Angalia rangi, imeungua. Chachu. Na ndani wametia jiwe ili iwe nzito kwenye mizani."

"Baba, hilo ni kokwa."

"Cheri haina kokwa. Muulize baba yako mdogo, ndiye mwenye fani."

Binti aligeuka. "Eti, baba mdogo?"

Baba na binti walimtazama Bwana Cheri. Shemeji yake tu ndiye aliyeangalia dirishani. "Zetu," alisema, "hazina."

"Umesikia," Mkuu alisema. "Zitoe hapa."

Bwana Cheri alizichukua mwenyewe mpaka jikoni. Akakivuta ndani kigoda chake cha mlangoni, akakaa, kiboksi magotini, akatia moja mdomoni. Ilipasuka. Kwanza ilikuwa tamu, halafu ikawa na uchachu uliomkunja shavu, halafu tena tamu kwa namna nyingine, na maji yake yakamtia rangi vidoleni ambayo hakuna aliyeichanganya kwenye sufuria. Alikula ya pili, na ya tatu. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona kwenye kigoda kile miaka yote. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akiitwa kwa jina la kitu hiki na leo ndiyo wanakutana.

Shemeji yake aliingia, akachukua moja, akaila amesimama.

"Kumbe hii ndiyo cheri," alisema.

"Ndiyo hii."

"Ya kwako inang'aa zaidi."

"Ndiyo, shemeji," Bwana Cheri alisema. "Inang'aa."

Hata hivyo angeendelea. Tuseme ukweli, angeendelea mpaka mwisho, kwa sababu kidole cha kaka yake kilikuwa kimepona na kiti kilikuwa laini. Aliyemharibia raha alikuwa Mama Posta. Huyu alikuwa mama mnene, mcheshi, aliyegonga mihuri kwenye kaunta ya posta mpaka alipostaafu, na kwenye kila mhadhara wa Mkuu alikaa mstari wa pili na kuandika kila kitu, hata ule utaratibu wa kumeza ya kwanza nzima. Tangu mhadhara wa kwanza alikuja bekari kila wiki kuchukua chupa yake. Asubuhi moja akiwa kwenye foleni alishika kaunta ya kioo, akasema taa zimepungua, akaanguka. Taa hazikuwa zimepungua. Hospitali waligundua presha imepanda kupita kiasi, na wakagundua kwamba vidonge vyake vya presha alikuwa amevitupa wiki tano kabla, akitegemea cheri.

Bwana Cheri alikwenda kumwona akiwa na mfuko wa machungwa. Mama Posta alikuwa amelala, mdomo umemlegea kidogo upande mmoja, lakini maneno yalikuwa yakitoka. Kwenye kimeza cha kitanda ilisimama ile chupa ya papai.

"Naimeza nzima ile ya kwanza," alimwambia, "kama Mkuu alivyofundisha." Akamshika mkono, akamgonga gonga kiganjani. "Mungu akubariki, mwanangu. Daktari anasema nimeponea chupuchupu. Bila hizi cheri zako ningekuwa nimekufa."

Bwana Cheri alitoka pale. Alikaa kwenye benchi la nje ya wodi na machungwa yake, maana alikuwa amesahau kuyaacha. Aliogopa sana, na hakuwa akimwogopa kaka yake. Alikuwa akiona ule ukumbi, vichwa vyote vyeupe vikiandika, na kujiuliza ni wangapi wengine wana chupa kitandani.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya Mkuu tena, mada Cheri na Presha. Alimaliza, akanyoosha mkono kwa mtaalamu kama kawaida, na mtaalamu akainuka wima. Chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko. Alitoa papai bichi, kisu na kile kijiko, akavipeleka mbele, akaviweka juu ya karatasi za kaka yake. Hakujua kuhutubia, kwa hiyo alifanya kazi. Alimenya. Akachota kitufe kimoja, akakiinua watu wakione.

"Hii ndiyo cheri," alisema. "Nimezitengeneza mimi, zote mlizokula. Ni papai na sukari na rangi."

Mzee wa mstari wa mbele akavaa miwani.

"Cheri yenyewe ipo. Nimeionja, ni tunda zuri, na huenda inasaidia, mimi sijui, muulizeni daktari. Lakini hamjaila. Na kaka yangu hakuponywa na papai. Kidonge cha daktari kilikuwa ndani. Mimi nilikitia kwa mkono huu, kila siku, bila yeye kujua." Akakiweka kitufe juu ya karatasi. "Kwa hiyo mwenye vidonge vyake nyumbani, arudi avimeze. Leo. Mama Posta karibu afe kwa sababu mimi nilipenda kukaa kwenye kiti."

Kutoka nyuma mzee mmoja aliinua mkono. "Kwa hiyo hilo papai linatibu nini na nini?"

Bwana Cheri akafuta kisu. "Njaa," alisema.

Mkuu alizikusanya karatasi zake, akazikung'uta utomvu wa papai, akaziweka kwenye mkoba. Alishuka jukwaani na kutoka nje kwa hatua ndefu, bila kuchechemea hata kidogo.

Wiki tatu hakukuwa na simu. Bwana Cheri alipita mara moja kusalimia, akaambiwa kwa sauti ya chini mlangoni kwamba Mkuu amepumzika, saa nne asubuhi. Shemeji alimweleza mambo yalivyo. Vidonge Mkuu haviiti tena cheri wala dawa, haviiti kitu. Vimerudi kwenye droo. Maini hajayagusa, lakini kidole kimeanza kupata joto, na anavaa soksi ili yeye mkewe asione. "Hanisemeshi hata mimi," alisema. "Kutwa anaangalia kile kiti." Bwana Cheri alirudi kazini akijua amemwokoa kila mtu isipokuwa yule mmoja aliyemtaka. Ilimuuma, na hakuwa na papai la kuufichia uchungu huo.

Jumanne moja, wakati mikate ya awamu ya pili inatoka tanurini, mlango wa nyuma wa bekari ulifunguliwa na Mkuu akaingia. Alikuwa amevaa suti. Alisimama kati ya magunia ya unga, akatazama tanuri, trei, mashine ya kukandia, vijana waliokuwa wamenyamaza ghafla. Alikuwa akichechemea. Alitafuta pa kukaa. Mahali pale hapakuwa na kiti na hapajawahi kuwa nacho. Bwana Cheri aliipindua ndoo tupu ya shira, akaifuta kwa aproni, akaisogeza. Mkuu aliiangalia ile ndoo, kisha akakaa.

"Endelea na kazi," alisema.

Bwana Cheri akaendelea. Aliingiza kijiko kwenye papai, akazungusha mkono, kitufe kikadondoka kwenye beseni. Kingine. Kingine. Mkuu alitazama robo saa nzima bila kusema kitu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akainama, akachota vitufe vitano kwenye kiganja, akavigeuza geuza karibu na miwani.

"Zote zinalingana," alisema.

"Ndiyo, kaka."

"Bila kupima?"

"Mkono umezoea."

Mkuu alivirudisha kwenye beseni kimoja kimoja. Kisha akatia mkono mfuko wa ndani wa koti, akatoa pakiti ya vidonge, ikiwa imetobolewa mahali pamoja.

"Nimejaribu kwa maji," alisema akiangalia tanuri. "Nimejaribu kwa chai. Hakishuki. Kikifika hapa kooni, namwona yule daktari bado mtoto, anabakiza." Akamnyooshea. "Nitilie."

"Kaka, unajua sasa kwamba ni papai."

"Nimekuuliza ni nini?"

Bwana Cheri alinawa mikono. Akashusha kopo la bati kutoka rafuni, akachagua kitufe kilichong'aa kuliko vyote, akakipasua kwa ncha ya kisu, akakitia kidonge kaka yake akiona, akakifunga. Mkuu alikipokea kwa vidole viwili, akakimeza kizima, bila kutafuna, akasubiri mpaka kishuke.

"Papai zuri," alisema, na akanyoosha mkono apewe la pili, la kutafuna.